Kofia tatu za paa zikikutana

SWALI: Shikamoo fundi. Nabadilisha mwenyewe vigae vya udongo vya nyumba ya marehemu babu, Tanga. Paa la ubavuni linakutana na paa kubwa kwa kimo kilekile. Kofia za pale, vile vigae vya kufunika mgongo wa paa, nazifunga vipi? Saruji niliyojaza imeshapasuka.

JIBU: Marahaba. Mbao hucheza na jua, saruji tupu haihimili. Nami niliwahi kuaibika hivyo kwa mteja. Tandika kwanza kipande cha bati laini la madini ya risasi, kishuke sentimita 15 kila upande, ukigonge kwa nyundo ya mbao kifuate migongo ya vigae. Kofia ya ubavuni ichonge ncha kwa grainda. Zile mbili za paa kubwa zikate digrii 45 ziipokee. Loweka kofia, halafu zilaze kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Usizibe bonde, ule mfereji paa mbili zinapokutana; maji yatapita wapi?