Ukishika mkia, straika asubiri

“Shikamoo kaka. Timu yetu imeshika mkia, pointi 5 mechi 10. Jumamosi ya wiki ijayo tunagawana wachezaji upya na sisi ndio tunaoanza kuchagua. Kuna straika mmoja moto wa kuotea mbali, kila timu inamtaka. Tumchukue au unatushauri nini?”

Marahaba mdogo wangu wa Mwanza. Ujumbe wako niliusoma nikiwa dukani, mteja anasubiri bei ya shokapu, nikacheka peke yangu mpaka akadhani namcheka yeye. Huyo straika wenu namjua. Uwanja wenu sijawahi kuukanyaga, lakini yeye namjua, maana mimi nilishamchukua mwaka 2023 na akanifikisha pabaya.

Wageni niwaeleze kidogo. Sisi ni veterani wa Segerea, wanaume wa miaka 35 kwenda juu, tuko 56, tunacheza Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Tuna timu nne. Msimu ukiisha kila nahodha anabakiza wachezaji wanne, majina mengine 40 yanarudi kwenye daftari, halafu manahodha tunakaa chini ya mwembe tunachagua mmoja mmoja kwa zamu. Aliyeshika mkia anatangulia katika kila raundi. Siku hiyo tunaiita Siku ya Mgao, na kama ulivyo mgao wa umeme, kuna watu hurudi nyumbani gizani.

Mwaka huo 2023 ndio nilipewa unahodha kwa mara ya kwanza, na timu niliyorithi ilikuwa ya mwisho. Kwa hiyo mimi naanza. Kwenye daftari alikuwemo bwana mmoja aliyewahi kucheza ligi daraja la kwanza enzi zake, mguu wa kushoto kama wembe. Sikufikiria hata sekunde tano. Nilitaja jina lake, watu wakapiga makofi, mmoja akaniambia, “Nahodha, kombe hilo!” Raundi ya pili nikachukua winga mwenye mbio. Ya tatu, namba kumi, kiungo wa kushambulia anayepiga tobo. Raundi ya nne ndipo nikakumbuka kwamba golini lazima asimame mtu. Makipa waliobaki walikuwa wawili: mmoja ana goti bovu, mwingine alikuwa beki zamani, akanenepa, akaona golini ndiko kuna mbio chache.

Straika wangu alifunga mabao 11 katika mechi 12. Akawa mfungaji bora, akapewa mbuzi. Sisi tulimaliza wa mwisho tena, tumefungwa mabao 34. Mbuzi yule tulimla wote siku ya kufunga msimu, na nyama yake mimi sikuisikia ladha.

Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki moja baadaye. Straika alinifuata dukani, akakaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, akaniomba kwa adabu nisimbakize. Alitaka kurudi kwenye daftari. “Kaka, mimi nafunga huku, nyie mnafungwa kule.” Nikamwachia. Usiku ule sikulala vizuri, na mke wangu akaniuliza kama duka limevunjwa.

Lakini lile neno lake ndilo lililonifungua. Nilichukua daftari la madeni, nikaanza kurasa za nyuma, nikamwita beki wetu mmoja tukakaa naye jioni mbili tunakumbuka mabao yote 34, moja moja, tukisaidiwa na video za simu. Kumi na manne yalikuwa ya mipira ya juu, kona na krosi, mtu anapiga kichwa peke yake kama yuko mazoezini. Tisa yalikuwa ya kipa moja kwa moja: mpira umemponyoka, au ametoka nusu njia akabadili mawazo. Saba yalitokana na kupoteza mpira katikati huku hakuna hata mtu mmoja aliyebaki kukaba. Manne tu ndiyo ambayo unampa mpinzani mkono, unasema hapo umetuweza.

Kwa hiyo mabao 30 kati ya 34 yaliingia kwa matundu matatu ninayoyajua. Mdogo wangu, hili ndilo la kwanza: kabla hujafika kwenye huo mgao, kaeni muandike mlivyofungwa. Msiandike mlifungwa na nani. Andikeni mlifungwaje.

La pili nililigundua kwa bahati. Mgao wa 2024 ulipokaribia nilipiga picha daftari, nikaanza kuhesabu nafasi. Kati ya wale 40, waliojiandikisha kuwa washambuliaji, mawinga au namba kumi walikuwa 19. Veterani wote tunajiona Ronaldinho. Mabeki wa kati wa kweli walikuwa watano. Makipa wanne, na wa kutegemewa wawili tu. Sasa piga hesabu. Ukimwacha straika namba moja apite, raundi ya nne bado utampata mwingine ambaye si mbaya sana. Ukimwacha kipa namba moja apite na wa pili akachukuliwa, umebaki na yule mwenye goti. Pengo kati ya aliye bora na yule utakayebakiwa naye ndilo la kuangalia. Kwa washambuliaji pengo lilikuwa dogo, kwa makipa lilikuwa shimo.

Basi siku ya mgao ikafika, naanza mimi tena, nikataja jina la kipa.

Kimya. Halafu vicheko. Mjumbe mmoja wa kamati akasema kwa sauti, “Nahodha wetu kachagua glavu!” Kabla sijafika nyumbani kulikuwa na stika ya glavu kwenye grupu la WhatsApp, na ile stika ilitembea miezi sita. Nikichelewa mazoezini, glavu. Nikitoa salamu za Idi, glavu. Mjumbe huyo mpaka leo hajawahi kuniambia hata “pole, nilikosea”. Sidai. Nataja tu.

Kipa wenyewe ni fundi wa viyoyozi, mrefu wa kawaida, hana mbwembwe za kuruka. Ila anaongea! Dakika ya kwanza mpaka ya mwisho anaita watu kwa majina: toka, rudi, wako huyo, mwache. Mabeki walewale wazito wa mwaka uliotangulia wakaanza kusimama mstari mmoja. Raundi ya pili nikachukua beki wa kati anayejua kuruka, kwa ajili ya yale mabao 14. Ya tatu nikachukua namba sita, kiungo wa kukaba, mtu ambaye mechi nzima hutamwona akifanya la maana, ukimtoa ndipo unaona mlango umebaki wazi. Straika nilimpata raundi ya nne, ana kitambi, hatembei nje ya boksi. Alifunga mabao 7. Linganisha na 11 ya yule wa mwanzo: nimepoteza manne. Nyuma tulifungwa 13 badala ya 34. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaimaliza.

Msimu wenyewe siwachoshi nao, kuna suluhu nyingi humo ambazo hata mimi nilisinzia. Tulimaliza wa pili, pointi moja nyuma ya bingwa. Kutoka mkiani. Narudia kwa faida ya mjumbe: wa pili.

Najua mtaniambia mambo ya veterani si mpira. Haya, twende kwa wakubwa. Mimi ni Mnyama, kwa hiyo sentensi zinazofuata naziandika kwa shida. Simba tulibeba ligi misimu minne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Dirisha la 2021 Yanga wakaingia sokoni wakiwa na njaa, na kila mtu leo anakumbuka Fiston Mayele na kutetema kwake kila akifunga. Lakini hebu tazama nani wengine walishuka dirisha lile: kipa Djigui Diarra kutoka Mali, beki wa kulia Djuma Shaban, Yannick Bangala anayecheza beki na kiungo, na Khalid Aucho, Mganda wa kukaba katikati. Walijenga uti wa mgongo mzima. Msimu wa 2021/22 wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Na mfungaji bora wa ligi hakutoka kwao, alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, Mayele akiwa na 16. Mbuzi alikwenda Geita, kombe likaenda Jangwani.

Nina mpwa yuko Houston, Marekani, amezama kwenye ule mpira wao wa helmeti, American football. Hao ndio wenye mgao mkubwa: timu 32, raundi saba, na kwa kawaida iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia. Alinisimulia habari ya timu ya mji wake, Texans, ilipoanza kucheza mwaka 2002. Walipewa chaguo la kwanza kabisa, wakamchukua David Carr, kijana wa kurusha mipira, nafasi ambayo kwao ndiyo roho ya timu. Tatizo ni kwamba ukuta wa kumlinda haukuwepo. Msimu ule mmoja, mechi 16, aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ambayo bado inasimama. Nilimhurumia kijana wa watu kama ni wa kwetu Segerea.

Ila mpwa ni mbishi kama mama yake. Wiki iliyofuata akaniletea habari ya Cincinnati Bengals mwaka 2021. Mrushaji wao Joe Burrow alikuwa ametoka kuumia goti vibaya, wengi wakitaka wamchukue Penei Sewell, jitu la kulinda. Wao wakamchukua Ja’Marr Chase, mdakaji mwenye mbio aliyecheza na Burrow chuoni, na msimu huohuo wakafika fainali, Super Bowl. “Mjomba, unasemaje hapo?” Nikaenda kusoma mwenyewe. Fainali walifungwa 23 kwa 20, na Burrow aliangushwa mara saba. Nikamrudishia hizo namba mbili bila neno lingine. Hajajibu.

Sawa, nikubali kidogo: kama kuna mchezaji ambaye tayari anaelewana na wako mmoja macho kwa macho, kama hao wawili wa chuoni, hesabu yangu inaweza kuyumba. Lakini ni kama mara ngapi? Wengi wetu tunaosema “huyu ni wa kipekee” tumeona video moja ya dakika mbili.

La tatu ni dogo ila limeniokoa sana. Uliza kama mtu anakuja. Veterani hatuumizwi na nyonga tu, tunaumizwa na vikao vya harusi, ubatizo, misiba ya ukweni na safari za kikazi. Kipa wangu alikosa Jumapili moja tu msimu mzima. Yule winga wangu wa 2023 mwenye mbio alikuja mechi tano, na mbili kati ya hizo alifika kipindi cha pili akiwa bado na viatu vya kanisani. Uwezo wa mtu asiyekuja ni sifuri, hata awe nani.

Ndugu zangu, niseme ukweli, ugonjwa huu hauko uwanjani peke yake. Tunajenga geti la milioni tatu huku paa linavuja. Tunanunua simu ya kamera nne, ada ya mtoto bado nusu. Mtu anafungua duka, anaanza na bango la taa, mzigo wenyewe hautoshi rafu mbili. Tunataka kushangiliwa siku ya kuchagua. Mimi nilishangiliwa 2023, nikajua raha yake, na nikajua inaisha saa ngapi: inaisha kona ya kwanza. Mdogo wangu, kuwa tayari kuchekwa Jumamosi hiyo. Wakikutumia stika, ihifadhi.

Kwa hiyo kipa kwanza kama hamna, halafu beki wa kati, halafu namba sita. Kipa mnaye wa kuaminika? Basi anza na beki. Nimeshasema, lakini narudia kwa sababu nawajua, mkifika chini ya mwembe mkiliona lile jina moto mtasahau yote. Andika kwenye karatasi, mpe mtu mwingine aishike.

Mnaojiuliza pointi ile moja iliyotunyima ubingwa tuliipotezaje: mechi ya mwisho, tulihitaji sare tu, tukafungwa 1-0. Mpira wa adhabu, mguu wa kushoto, dakika za lala salama. Kipa wangu aliugusa. Mfungaji mnamjua. Alikuja kunisalimia baada ya mechi, akaniuliza duka linaendeleaje, nikamwambia linaendelea.

Mgao wetu ni Jumapili baada ya ijayo. Safari hii nachagua wa tatu, na kwenye daftari kuna beki wa kushoto mmoja nimekuwa nikimfuatilia tangu Agosti. Jina simtaji. Manahodha wenzangu wote watatu wanasoma hapa, na mmoja wao ndiye aliyetengeneza ile stika.