Chalii wa Moshi, toa jina lako kwenye hilo bango

Toa. Leo leo. Unataka kuandaa shoo ya mieleka, umeuliza ulingo unakodishwa wapi, kibali cha BMT (Baraza la Michezo la Taifa) kinapatikanaje na wadhamini wanapatikana wapi, halafu katikati umechomekea kwamba pambano kuu utapanda mwenyewe "maana Majengo wote wananijua", yaani mtaani kwako. Mimi nimeishia hapo hapo, mengine nimesoma juu juu.

Nimecheza mieleka hapa Arusha, nikaona mapromota wanakula, nikasema na mimi nile. Kuna bwana mmoja mjini, mshauri wa matamasha wa kujipachika, anavaa miwani ya jua ukumbini saa nne usiku. Akanijaza upepo: "Kaka, bila wewe ulingoni nani atalipa kiingilio?" Chake alichukua mapema, taslimu. Hadi leo nikimwona Kaloleni navuka barabara, kwa usalama wake.

Siku ya siku nipo ulingoni, nimepigwa kabali, chali kwenye turubai. Kwa chini ya kamba naona ukumbi umefurika, wengine wamekalia kreti za soda. Moyoni nasema nimetoboa. Kumbe vijana niliowaweka mlangoni hawachani tiketi. Wanazipokea nzima nzima, zinapitishwa dirisha la choo, zinauzwa tena nje kwa 3,000 wakati bei yangu ni 5,000. Nilikuja kushtuka nilipoiona moja imelowa jasho, imelegea kama noti ya daladala, namba yake haisomeki kwa mikunjo. Sanduku la hela halikufika hata nusu ya watu waliokuwa mle ndani.

Sasa pata picha: nimevaa kaptula ya kung'aa, sina hata mfuko wa simu. Mwenye ukumbi anataka chake, wachezaji wa kutoka Nairobi wanadai nauli, na mgeni rasmi anauliza bingwa yuko wapi apige naye picha. Bingwa ni mimi bwana! Mieleka ya shoo mshindi anapangwa kabla, na si matokeo nayapanga mimi? Nilijipa mkanda. Wiki ile ile pikipiki yangu ikapata mwenyewe mwingine. Mkanda bado ninao, Soko la Kilombero wameukataa hata kwa bei ya chuma chakavu.

Usiniambie wewe mjanja. Verne Gagne wa Minneapolis alikuwa mjanja kuliko sisi wote. AWA, kampuni yake ya mieleka Marekani, ilianza 1960, yeye bosi, yeye bingwa, mara kumi. Alistaafu 1981 ana miaka 55 na mkanda bado kiunoni! Hulk Hogan alikuwa kwake, mashabiki wanamlilia, mkanda hakupewa. Mwishoni mwa 1983 Hogan akahamia WWF, kampuni pinzani ya mieleka (sasa WWE), Januari 1984 akawa bingwa huko. AWA ikafa 1991. Inoki naye, mcheza mieleka wa Japani mwenye kampuni ya New Japan, akajipanga mwenyewe na Muhammad Ali, Tokyo, Juni 1976. Raundi 15 karibu zote amelala chini anampiga Ali mateke ya miguuni. Sare. Kampuni ikaachiwa deni. Mwenye akili alikuwa Giant Baba, bosi na mchezaji wa All Japan, kampuni nyingine ya huko huko: umri uliposogea akajishusha kwenye mapambano ya kuchekesha, pambano kuu akawaachia wachezaji wake kina Tsuruta na baadaye Misawa.

Ukiwa promota unakaa mlangoni. Vaa suruali yenye mifuko, chana tiketi kwa mkono wako, nusu tumbukiza kwenye ndoo yenye kufuli, na hesabu fanya kabla pambano kuu halijaanza, sio baada. Wakisema "tunataka kukuona wewe", waambie upo getini, waje wakuone kwa 5,000.

Kibali anzia kwa afisa michezo wa manispaa yako. Ulingo ulizia klabu za ngumi. Wadhamini watakujibu wengine humu, mimi sijawahi kupewa hata katoni ya maji.