Maswali ya Wasomaji: Kuchonga Mwenyewe Kwato za Farasi Asiyevaa Viatu

SWALI: Ndugu Mhariri, nina farasi jike wa miaka 9 ambaye viatu vyake vya chuma viliondolewa mwaka jana kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Fundi wa kwato humchonga kila baada ya wiki 8, lakini kabla siku hiyo haijafika, kuta za kwato zake za mbele huwa zimekwisha kutanuka na kumeguka pembeni. Ningependa kujifunza kazi hii. Je, mtu asiye fundi anaweza kuifanya bila kumwumiza mnyama, aanze na vifaa gani, na atajuaje mahali pa kukomea?
Msomaji mwenye farasi mmoja

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza, na wengi wanaifanya, ila njia iliyo salama ni kumwachia fundi kazi ya kuupa ukwato umbo lake, kisha wewe uwe mlinzi wa umbo hilo katikati ya ziara zake. Ukuta wa ukwato hukua kwa kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo katika wiki 8 farasi wako anaweza kuwa ameongeza zaidi ya sentimita moja na nusu ya ukuta usio na kitu cha kuusugua, na hapo ndipo unapoanza kutanuka na kumeguka. Ukipitisha tupa kila baada ya wiki mbili au tatu, utakuwa unaondoa unga tu, na kosa la siku moja litakuwa dogo. Ukumbuke pia kwamba sehemu ya mbele ya ukwato huchukua karibu mwaka mzima kukua kutoka kwenye nywele hadi chini, hivyo kilichoondolewa kupita kiasi hakirudi upesi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: tupa pana ya kwato iliyo kali, kichokoo cha kuondolea matope, brashi ngumu, glavu nene na kigoda imara cha kumwegeshea farasi mguu. Kwa maoni yangu koleo la kukatia na kisu chenye ncha iliyopinda visubiri hadi jicho lako lizoee, kwa sababu tupa hukupa nafasi ya kusita na kutazama tena, ilhali koleo huondoa kipande kizima kwa mara moja. Nunua tupa mpya badala ya kurithi iliyokwisha meno; tupa butu humchosha mchongaji, naye mchongaji aliyechoka hukandamiza na kupotoka.

Sehemu kubwa ya kazi ni kuusoma ukwato kabla ya kuugusa. Usafishe kabisa, kisha utazame kwa chini. Utaona ukuta mgumu unaozunguka nje, mstari mwembamba wa rangi ya manjano hafifu unaouunganisha na wayo, wayo wenyewe uliobonyea kidogo, na ile pembetatu laini inayoanzia visiginoni na kuelekeza ncha yake mbele. Wayo ndio unaokuonyesha mahali pa kukomea, nao wenyewe hauchongwi, maana ni kinga ya mfupa ulio juu yake. Ushushe ukuta kwa tupa hadi ubaki juu ya ukingo wa wayo kwa milimita moja au mbili tu, au ulingane nao, usiende chini zaidi. Ubonyeze wayo kwa vidole gumba viwili. Ukihisi unanesa, ni mwembamba, na siku hiyo weka tupa chini. Kadhalika ukiona rangi ya waridi inajitokeza, umekwisha kupita mpaka.

Ile pembetatu laini iachwe ilivyo, isipokuwa vipande vinavyoning'inia na kuficha uchafu. Kuna tabia ya kuipunguza ili ipendeze machoni, na sioni faida yake: ni sehemu inayopaswa kugusa ardhi na kusaidia kupokea uzito, na ikichongwa kila mara hubaki nyembamba na yenye maumivu, hata farasi akaanza kutua kwa ncha ya ukwato badala ya kisigino. Ikitoa harufu mbaya na kuwa nyeusi na yenye kuchuruzika katika mifereji yake, huo ni uozo unaotokana na unyevu na uchafu. Shughulikia kwanza mahali anaposimama.

Kuhusu kutanuka kulikokusumbua, tazama ukuta kwa mbele na kwa ubavuni. Theluthi ya juu, iliyo karibu na nywele, ndiyo inayoonyesha mwelekeo halisi wa ukuta, na chini ya hapo utauona unavyoacha mwelekeo huo na kupinda kwenda nje. Kila farasi anapokanyaga, sehemu hiyo iliyotanuka husukumwa nje zaidi na kuupanua ule mstari wa manjano. Tiba yake hufanywa hasa kutokea chini: lalisha tupa kwa nyuzi kama 45 na uondoe pembe ya nje ya ukuta, usizidi nusu ya nje ya unene wake, kisha uzungushe ukingo uwe wa mviringo ili usipate mahali pa kumegukia. Ukilazimika kupunguza ukuta kwa upande wa nje, ishia theluthi ya chini, kwa maana kuusugua mpaka juu huupunguza unene bila kuurekebisha. Ukuta mpya ulio wima utashuka wenyewe mwezi baada ya mwezi.

Visigino vinataka subira kubwa kuliko sehemu nyingine. Vikiwa virefu, vishushe kidogo kidogo katika michongo kadhaa, kwa kuwa kuvishusha ghafla huzivuta kano zilizo nyuma ya mguu. Inua mguu, uache ukwato uning'inie, na utazame kutoka juu kama visigino viwili vinalingana kimo. Usijaribu, hata hivyo, kuzifanya kwato nne zifanane: za mbele kwa kawaida ni za mviringo, za nyuma zina ncha zaidi, na hata za kulia na kushoto huwa na tofauti zao kama kucha za mikono yetu.

Kazi ya kumzoeza kutoa mguu ianze siku nyingi kabla ya tupa. Mrudishie mguu mwenyewe kabla hajaunyang'anya, na usiuvute kwenda kando, hasa kwa farasi mwenye umri.

Yapo mambo yasiyo yako wala ya fundi. Kwato zikiwa na joto, mapigo ya damu yakisikika kwa nguvu nyuma ya kifundo, au farasi akisimama ameegemea nyuma ili kuzipumzisha kwato za mbele, mwite daktari siku hiyohiyo, kwani hizo ni dalili za laminitisi, yaani kuvimba kwa tabaka zinazoushikiza mfupa kwenye ukuta. Mara nyingi chanzo chake ni nafaka nyingi au majani mabichi yenye sukari nyingi, na hakuna mchongo utakaoushinda ugonjwa ambao lishe inaendelea kuuchochea. Mikunjo inayouzunguka ukuta, ikiwa mipana kisiginoni kuliko mbele, inaweza kukuonyesha kwamba jambo hilo limekwisha kutokea huko nyuma.

SWALI: Farasi wangu hutembea kwa kusitasita kwenye changarawe kwa siku mbili au tatu baada ya kuchongwa, kisha hupona. Je, hiyo ni kawaida?
Msomaji

JIBU: Ni jambo la mara kwa mara, lakini lisichukuliwe kuwa la kawaida. Maumivu yanayokuja baada ya mchongo na kwisha yenyewe mara nyingi maana yake ni kwamba ukuta ulishushwa mno au wayo ulikwanguliwa. Mwambie anayemchonga aache sehemu kubwa zaidi na aje mapema zaidi. Kwa sasa mvalishe viatu vya mpira vya kuvaa na kuvua anapopita kwenye mawe, na umtembeze kila siku kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, kwa sababu mwendo ndio unaochochea wayo kukua mnene. Akiwa anasitasita hata kabla ya mchongo, anza kuchunguza chakula chake.