Kujitolea Ujerumani kupitia kanisa: vijana wa kule utawakuta wapi?

Mleta mada, Bwana asifiwe. Umesema usharika wenu umekupendekeza ukajitolee mwaka mzima jimbo la Sachsen, Ujerumani, na unauliza utawahubiria vipi vijana wa kule na utazoeana nao wapi. Mimi nilitoka Mbeya, Kanisa la Moravian, nikapelekwa karibu na Herrnhut, mashariki kabisa mwa Sachsen, Poland na Cheki ziko pale jirani. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Hilo la kuhubiri lisahau mapema. Utaombwa kusalimia ibadani, labda uimbe wimbo mmoja wa nyumbani, basi. Nafasi nyingi za namna hii zinalipiwa na serikali yao. Mpango wa weltwärts, kwa mfano, ulianza 2008 kwa kuwaleta vijana wao kwetu, sisi tukafunguliwa mlango wa kwenda kwao 2013. Ni pesa ya huduma za jamii, si ya mikutano ya injili. Utapangiwa chekechea, makao ya watu wenye ulemavu, au nyumba ya wazee kama mimi. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili na nusu, na ukifika na dakika tano mbele umeshachelewa. Unavalisha wazee soksi, unasukuma viti vya magurudumu, unapaka siagi kwenye mikate. Kijerumani unachofundishwa Goethe, taasisi ya lugha ya Wajerumani pale Dar, ni kimoja, cha bibi wa miaka tisini wa Oberlausitz, ukanda ule wa Herrnhut, ni kingine kabisa, tena hana meno.

Sasa vijana. Jumapili ya kwanza utaingia kanisani ukute mvi tupu. Herrnhut penyewe ni afadhali, kwa sababu ndiko kwa mama: wamisionari wa kwanza wa Kimoravian waliondoka pale 1732, na waliofika Rungwe 1891 mizizi yao ni hiyohiyo. Leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani, jambo ambalo vijana wa pale pale hawalijui. Ukishatoka kidogo kwenda vijiji vya jirani, kijana hajabatizwa, mzazi wake hajabatizwa, na babu naye vilevile.

Usiwahukumu kabla hujajua walikotoka. Eneo lile lilikuwa DDR, Ujerumani ya Kikomunisti. Kuanzia miaka ya 1950 serikali ilisukuma sherehe yake ya vijana wa miaka 14, Jugendweihe, ichukue nafasi ya kipaimara. Mtoto wa kanisa aliyeikataa angeweza kunyimwa nafasi ya masomo ya juu. DDR ilikufa 1990, sherehe bado ipo! Nilialikwa kwa jirani: ukumbi umejaa, dogo kavaa suti inayombana mabegani, hotuba, maua, bahasha za pesa, bibi analia. Ukiondoa sala, ni kipaimara kabisa. Nilikula vizuri na sikuwa na la kupinga.

Mimi vijana niliwapata zimamoto. Vijijini kule zimamoto ni ya wanakijiji wenyewe, wanajitolea, na wana kikosi cha watoto na vijana. Mwenzangu wa kazini aliyekuwa anasomea uuguzi ndiye alinivuta. Ijumaa jioni tunakunjua mipira ya maji, tunaiunganisha, tunamwagia ukuta maji, tunaikunja tena, halafu soseji zinachomwa. Mtu anayeshika mpira mmoja na wewe hakuogopi. Siku moja baada ya mazoezi dogo mmoja akaniuliza, bila dharau: "Wewe unaamini kweli, au ni mila yenu tu?" Nikamsimulia bibi yangu alivyougua, jumuiya ikaja nyumbani kusali kila jioni wiki nzima, wengine na unga, wengine na kuni, wakachanga na hela ya hospitali. Nilidhani ataniuliza kama bibi alipona. Akauliza, "Nani aliwapangia zamu?" Nikamwambia hakuna aliyepanga. Hakuniamini. Tulibishana hadi mkaa ukazimika, na wenzake wakaingilia, kila mmoja anasema kwao mtu akiugua nani huja. Katika mwaka wote ule, hayo ndiyo mazungumzo ya imani niliyoyafurahia kuliko yote, na Biblia haikufunguliwa.

Mlango mwingine ni tarumbeta. Kama unapiga katika kikundi cha tarumbeta huko kwenu, beba kinywa chako cha kupulizia. Vikundi vyao vina vijana, na baadhi yao hata hawasali, wanapenda muziki tu. Pasaka hapo Herrnhut wapigaji hupita mitaani kabla ya alfajiri kuwaamsha watu, kisha kanisa zima huenda makaburini kungoja jua. Mawe ya makaburi yale yamelazwa chini, ya waumini yote sawa, tajiri na maskini. Hapo hutajiona mgeni hata kidogo.

Ubaguzi upo, sitakuficha. Nilitukanwa na walevi kituo cha basi usiku. Wale wa zimamoto waliposikia wakapanga zamu ya kunirudisha nyumbani kwa gari, na zamu hiyo, ya Kijerumani kweli, ilibandikwa ukutani.

Mambo madogo: chakula cha jioni ni mkate na jibini, cha baridi, usisubiri sufuria. Viazi vya kuchemsha na maziwa mazito ya mgando na mafuta ya kitani vitakushinda mara ya kwanza, mara ya tatu utaviomba. Malazi, bima na pesa ya mfukoni vinatolewa na mpango, kwa hiyo mtu akikudai mamilioni ya "kushughulikia faili", mkimbie. Koti la baridi usinunue Kariakoo, ngoja ukifika, mitumba yao ni bora na bei chee.

Ukishajua kituo ulichopangiwa kitaje hapa. Kama ni upande wa Löbau au Zittau, miji ya jirani na Herrnhut, nitakuunganisha na watu.