Mlango wa bafu una upana gani?

SWALI: Dada, mimi nina gesti hapa Kasese, vyumba 9 na kaukumbi kadogo ka semina. Mwezi jana mtu alinipigia kutoka Kampala, wako 12, wanataka kulala siku 3 waende kwenye boti za mfereji wa Kazinga kuangalia wanyama, ila mmoja wao anatumia kiti cha magurudumu, akaniuliza mlango wa bafu una upana gani. Sikujua nimjibu nini, nikasema tu haiwezekani. Mume wangu anasema nilifanya sawa, eti kujenga upya kwa ajili ya mtu mmoja ni kutupa pesa. Ni kweli?
Mama wa gesti, Kasese

JIBU: Mama, pole, lakini hapo hukumpoteza mtu mmoja, umepoteza 12 kwa siku 3, na chai yao ya asubuhi na chakula cha jioni na soda zote. Familia au marafiki wakisafiri na mtu mwenye ulemavu, yeye ndiye anaamua wote watalala wapi, maana asipoweza kuingia yeye, hakuna anayeingia.

Nayajua haya kwa mamangu, alipata kiharusi, mguu mmoja haufanyi kazi. Tulienda Mbarara kwenye kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya mpwa wangu, tulikuwa 11, na kwenye simu hoteli ilituambia hakuna shida njooni tu. Kufika, ngazi 4 mlangoni. Wakaja vijana wawili wakamnyanyua kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu wote, mama ameshika upindo wa gomesi, lile gauni refu letu, kwa mkono mmoja isipande, hasemi kitu. Halafu kiti chake cha magurudumu kikakwama kwenye mlango wa bafu. Usiku ule ule tukahama wote 11, tukaenda kwenye gesti ya kawaida kabisa ila iko chini na milango yake mipana, na mpaka leo tukienda Mbarara tunalala pale pale, hatuulizi hata bei ya kwingine.

Sasa mama, usibomoe nyumba. Chagua chumba kimoja cha chini, karibu na pale magari yanapoegeshwa, ukifanye vizuri. Chukua futi kamba pima mlango ukiwa wazi, ikipungua sentimita 80 mwite fundi aupanue, 90 ni bora zaidi, na ule wa bafu ufunguke kwa nje. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa sentimita 180, yaani kila sentimita 1 ya kupanda unaweka 12 za urefu, usikubali fundi akufupishie kwa kuokoa simenti, mteremko mkali unamwangusha mtu. Choo cha kukaa, vyuma vya kushikia viingie ndani ya ukuta kabisa, shawa isiyo na kizingiti, na nafasi ya kugeuza kiti, kama mita moja na nusu. Na tafadhali chumba hicho kisigeuke stoo ya magodoro.

Hakitakaa kikimsubiri mgeni mmoja wa mwaka. Watalala humo wazee, wajawazito, aliyevunjika mguu kwa boda, mama mwenye mapacha. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, mtu 1 kati ya 6, na kule kwako wageni wa nje wengine ni wazee waliostaafu, pesa wanayo, magoti ndiyo hawana. Kazinga mtu anaangalia viboko na tembo akiwa amekaa, hata kwenye msitu wa Bwindi kuna wapagazi wanaobeba kwa machela mgeni asiyeweza kutembea mpaka kwa sokwe. Huyo mgeni akitoka huko jioni atalala wapi? Halafu hako kaukumbi kako, mashirika yanayofanya semina mara nyingi yana washiriki wenye ulemavu, na semina ni katikati ya wiki, na hata miezi ya mvua watalii wakipungua, wakati vitanda vyako viko tupu.

Kiziwi hahitaji mteremko, anataka umjibu kwa WhatsApp badala ya kumpigia. Asiyeona anataka umtembeze chumbani mara moja, afu usimhamishie viti.

Mwambie na mumeo pia kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Uganda ya 2020 inawataka wenye majengo yanayopokea umma wayafanye yafikike, kwa hiyo hili sio hisani.

Kazi ikiisha piga picha za mlango, kitanda na choo, futi kamba ionekane, weka pale unapotangaza, hata vile ambavyo havijakamilika useme. Mtu aliyewahi kubebwa kwenye kiti cha plastiki haamini tena neno hakuna shida, anaamini sentimita.

Ile namba ya Kampala kama bado iko kwenye simu yako, mpigie, muombe radhi, umtajie upana wa mlango ulivyo leo na mwezi ambao fundi atamaliza.