Barua kwa mwanangu: Zeus, Kristo na suala la kuaminika

Mwanangu mpendwa,

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi, kwa sababu jambo lenyewe halitaki haraka. Unasema kwamba sisi Wakristo tunazisoma habari za Zeus, mungu mkuu wa Wayunani wa kale, aliyefichwa katika pango la Krete asimezwe na baba yake, tukacheka, kisha Jumapili tunasimama kukiri kwamba mtoto alizaliwa na bikira, akafa na kufufuka siku ya tatu. Unauliza ni kwa haki gani tunaziita habari za kwanza visasili na za pili imani. Una haki ya kuuliza, wala swali lako halinitii hofu.

Jibu langu ni kwamba imani ya Kikristo inaaminika zaidi, ila si kwa sababu zinazosikika sana mimbarani. Wingi wa waumini si hoja, maana Zeus naye watu walimtolea sadaka kwa karne nyingi kuanzia Sicily mpaka Asia Ndogo. Wala si hoja kusema kwamba Wayunani walikuwa wajinga, kwani watu waliotuachia jiometria hawakuwa wajinga. Mimi naitazama habari yoyote ya zamani kwa kuuliza nani anaisimulia, aliijuaje, na kama waliomsikia wangeweza kwenda kuihakiki.

Mchukue Hesiod, mshairi wa Kiyunani. Shairi lake la nasaba ya miungu, lililotungwa yapata mwaka 700 KK, ndilo linaloeleza jinsi Kronos, baba yake Zeus, alivyokuwa akiwameza watoto wake, mpaka mkewe Rhea alipolifunga jiwe katika nguo za mtoto mchanga, naye akalimeza akidhani ni Zeus. Hesiod aliyajuaje hayo? Anajibu mwenyewe mwanzoni mwa shairi: Mousai, binti za Zeus na miungu wa kike wa nyimbo, walimjia alipokuwa akichunga kondoo chini ya mlima Helikon, wakampulizia wimbo, tena wakamwambia wazi kwamba wanajua kusema uongo mwingi unaofanana na kweli, na kwamba wakitaka husema kweli pia. Mtunzi anayeanza hivyo hatoi ushahidi, na nadhani hata wasikilizaji wake hawakumtaka autoe. Miaka zaidi ya 800 baadaye, katika karne ya 2 BK, msafiri Pausanias alifika Delphi, mahali patakatifu pa Wayunani, akakuta jiwe lisilo kubwa, ambalo wenyeji walilimiminia mafuta kila siku na kuliwekea sufu wakati wa sikukuu. Akaandika kwamba wapo wanaoamini kuwa ndilo lile alilopewa Kronos. Jiwe alilishuhudia kwa macho yake, lakini hakuna jina hata moja la mtu anayedaiwa kuyaona yaliyotokea.

Wayunani wenyewe walilitambua hilo mapema. Mwanafalsafa Xenophanes, katika karne ya 6 KK, alisema kwamba Waethiopia huifanya miungu yao kuwa myeusi yenye pua bapa, na Wathrake huipa yao macho ya buluu na nywele nyekundu. Akaongeza kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono, wangechora miungu yenye maumbo ya ng'ombe na farasi. Plato naye alitaka hadithi za Homer na Hesiod zichujwe kabla hazijawafikia watoto. Kilichowahusu raia wengi kilikuwa sadaka na heshima ya mji kwa miungu yake, na katika hilo hawakuwa na mzaha, kama mwanafalsafa Socrates alivyojionea mwaka 399 KK, alipohukumiwa kifo kwa kutoiheshimu miungu ya mji.

Sasa tazama jinsi Luka anavyoanza habari za Yohana Mbatizaji: ni mwaka wa 15 wa kutawala kwake Kaisari Tiberio, Pontio Pilato ni liwali wa Uyahudi, Herode ni mtawala wa Galilaya, Anasi na Kayafa ni makuhani wakuu. Anaandika kama mtu anayeandikisha hati ya shamba, ambaye hutaja mipaka na majirani ili mwenye kubisha ajue pa kuanzia. Nje ya Biblia, Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo hata chembe, anaeleza mwanzoni mwa karne ya 2 jinsi Nero alivyowabebesha lawama ya moto wa Roma wa mwaka 64, na hapo anataja kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato wakati wa Tiberio. Kwamba Yesu aliishi na kusulubiwa ni jambo ambalo wanahistoria wasioamini chochote kuhusu ufufuo nao hulikubali, karibu wote.

Lakini ningependa utulie zaidi kwenye barua moja. Waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho uliandikwa katikati ya miaka ya 50, yaani kama miaka 20 hadi 25 baada ya kusulubiwa. Katika sura ya 15 anawakumbusha mambo aliyowafundisha, ambayo naye alikuwa ameyapokea: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, kisha Yakobo, kisha mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Kuhusu wale 500 anachomeka maneno machache, kwamba wengi wao wangali hai, ingawa baadhi wamekwisha kufa. Maneno hayo hayaongezi lolote katika mafundisho. Kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba akitaka anaweza kwenda kuwauliza. Na ukitaka kujua Paulo aliyapokea wapi, soma waraka kwa Wagalatia, anakosema, akimshuhudiza Mungu kwamba hasemi uongo, kuwa miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa siku 15, wala hakumwona mtume mwingine ila Yakobo, ndugu yake Bwana. Umbali kati ya mwandishi na tukio ni huo: siku 15 za kukaa na mtu anayesema alikuwapo.

Ndiyo maana Paulo anathubutu kuandika katika sura hiyo hiyo kwamba, kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure, imani ni bure, na mitume ni mashahidi wa uongo. Ibada ya Zeus haikuwahi kuwekwa rehani kwa namna hiyo. Hata kama Kronos hakumeza jiwe lolote, siku ya sikukuu ng'ombe angechinjwa vilevile.

Nisikuuzie zaidi ya nilicho nacho. Mwaka 1961 wachimbaji huko Kaisaria walipata jiwe lenye jina la Pontio Pilato, na mwaka 1968 katika kaburi moja la Yerusalemu ulipatikana mfupa wa kisigino cha mtu aliyesulubiwa, msumari ukiwa ungali umo. Wapo wahubiri wanaovitaja vitu hivyo kana kwamba vimemaliza mjadala. Jiwe linathibitisha kwamba Pilato alikuwapo; mfupa unaonyesha kwamba aliyesulubiwa aliweza kupewa maziko ya heshima; basi. Heinrich Schliemann alichimba Hisarlik, katika Uturuki ya leo, kuanzia miaka ya 1870, na wataalamu wengi wanakubali kwamba hapo ndipo ulipokuwa Troya, mji wa vita anavyovisimulia Homer, lakini hakuna anayesema kwamba kwa hiyo mungu wa kike Athena alishuka kupigana chini ya kuta zake. Injili nazo zina mambo magumu. Nakala za kale zaidi za Marko zinaishia sura ya 16 mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu. Marko anataja kijana mmoja kaburini na Luka wanaume wawili. Na habari ya makaburi kufunguka na watakatifu kuingia mjini iko kwa Mathayo peke yake. Sioni kwamba mambo hayo yanakibomoa kiini, kwa sababu Paulo ametangulia kuandika kabla ya Injili zote nne, ila mtu asikudanganye kwamba hayapo.

Hoja yako ya pili ina uzito zaidi. Unasema shujaa Heracles naye aliitwa mwana wa Zeus, mganga Asklepios alisimuliwa kuwa alifufua wafu, na kwa hiyo Wakristo waliazima tu nguo zilizokuwa sokoni. Kufanana huko ni kwa kweli. Justin, aliyekuja kuuawa kwa ajili ya imani yake, alimwandikia mfalme wa Roma katika miaka ya 150 kwamba Wakristo hawasemi jambo geni kuliko yale Warumi wanayoyasema juu ya wana wa Zeus. Lakini uangalie dai lilianzia kwa nani. Halikuanzia kwa watu waliozoea miungu yenye watoto. Lilianzia kwa Wayahudi, waliofundishwa tangu utoto kukiri kwamba Bwana ni mmoja. Huko Listra, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, umati ulimdhania Barnaba kuwa Zeus na Paulo kuwa Hermes, mjumbe wa miungu, ukaleta ng'ombe na taji za maua. Wale wawili wakararua mavazi yao kwa uchungu. Watu wenye malezi kama hayo ndio waliokuwa wakimwomba mtu aliyesulubiwa. Tena Wayahudi wengi waliotarajia ufufuo waliutarajia siku ya mwisho, kwa wafu wote, na Waathene waliposikia neno la ufufuo kwa Paulo baadhi yao walimdhihaki. Mtu anayetunga habari ya kupendwa na watu asingetunga inayowakwaza wote wawili.

Kuhusu ile kauli uliyoninukulia, kwamba Mkristo anaikana miungu yote isipokuwa mmoja, na asiyeamini amemwongeza tu huyo mmoja, naiona nyepesi kuliko inavyosikika. Zeus ana baba, ana siku ya kuzaliwa, na ana makao katika mlima Olimpo, wenye urefu wa mita 2,918, ambao kilele chake watu walikifikia mwaka 1913. Yeye ni mkazi mkubwa wa ulimwengu. Mungu anayekiriwa na Wakristo si mkazi wa ulimwengu. Ndiye sababu ya kuwapo kwa ulimwengu, na anayetaka kumkana itambidi alete hoja nyingine kabisa. Ukisema kwamba ningezaliwa Athene ya kale ningemwabudu Zeus, nakubali, huenda ningemwabudu. Hata hivyo Waathene nao hatimaye walimwacha, na mahali mtu alipozaliwa hapawezi kukuambia kama anachokiamini ni kweli au uongo, awe ni muumini au mkanaji.

Mashahidi wanaweza kukosea, hata walio wanyofu, na kutoka kwenye ushahidi mzuri mpaka kukiri ufufuo kuna hatua ambayo historia peke yake haimvushi mtu. Mimi nimeivuka, wewe sikusukumi. Ila kila ninapojaribu kuitazama habari hii kwa macho ya asiyeamini, ninakwama kwa Yakobo. Yohana anasema kwamba ndugu za Yesu hawakumwamini alipokuwa hai. Paulo anamtaja Yakobo miongoni mwa waliomwona baada ya kufa, na kwamba yeye Paulo alikutana naye ana kwa ana. Kisha Josephus, mwanahistoria Myahudi asiyekuwa Mkristo, anaandika katika miaka ya 90 kwamba kuhani mkuu Anani alimshitaki ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo, akamtoa apigwe mawe. Hiyo ilikuwa mwaka 62. Kifungu kirefu cha Josephus kuhusu Yesu mwenyewe kilitiwa mikono na Wakristo wa baadaye, lakini hiki cha Yakobo wataalamu wengi wanakikubali. Nini kilimfanya mtu aliyelala nyumba moja na Yesu na kumkataa, aje afe akimwita Bwana?

Ukiwa na maelezo mengine yanayolingana na mambo hayo yote matatu, niandikie, nami nitayasoma kwa makini. Na ile Marko 16 bado tutaijadili, kwa sababu naona umeitaja kwa kupita tu.

Mama yako