Mzuiaji wa mbele hupimwaje kabla ya drafti ya NFL

Ndugu muulizaji, umetaka kujua inakuwaje timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, zitumie chaguo la juu la drafti, yaani zoezi la klabu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, kwa mzuiaji wa mbele, mtu ambaye, ukimtoa senta anayeanzisha mchezo, hagusi mpira mechi nzima, na zinampimaje wakati hana pasi wala alama za kuhesabiwa. Nilicheza nafasi hiyo miaka minne katika chuo kidogo cha jimbo la Iowa, baada ya familia yetu kuhamia Marekani kutoka Mwanza, na sasa ni msaidizi wa kocha wa wazuiaji katika shule ya sekondari. Nitajibu kwa niliyoyapitia na kwa ninayoyafuatilia kila mwezi wa Aprili.

Wazuiaji, wanaowazuia wapinzani wasimfikie kwotabeki (mchezaji anayerusha pasi), ni watano: senta katikati, walinzi wawili wa ndani, na wawili wa pembeni. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia huupa mgongo upande wa kushoto anapojiandaa kurusha, na ndiyo maana mzuiaji wa pembeni kushoto amekuwa na thamani kubwa kwa miaka mingi, ingawa siku hizi wavamizi hodari, yaani wapinzani wanaomkimbilia kwotabeki, hupangwa pande zote mbili na wa kulia naye hutafutwa kwa bidii. Liko pia suala la fedha. Mchezaji wa raundi ya kwanza hufungwa kwa mkataba wa miaka minne, na klabu ina haki ya kuongeza wa tano, ilhali kumnunua mzuiaji wa pembeni aliyekwisha kukomaa ni gharama kubwa mno.

Vipimo huanzia Indianapolis, kwenye majaribio ya kila mwaka kabla ya drafti, na kinachozungumzwa zaidi ni urefu wa mkono. Timu nyingi hutaka mtu wa pembeni awe na inchi 33 au 34, yaani sentimita 84 hadi 86, kwa sababu anayewahi kuweka viganja kifuani mwa mpinzani wake ndiye anayeamua pambano liende wapi. Mimi nilisimamishwa ukutani mwaka wangu wa kwanza chuoni, kocha akaweka tepu kwenye mfupa wa bega na kuivuta hadi ncha ya kidole cha kati, akasoma inchi 32, akasema, "Wewe ni wa ndani." Niliumia sana, kwa kuwa sekondari nilikuwa wa pembeni misimu yote. Wiki iliyofuata nilipangwa pembeni mazoezini mbele ya mvamizi mwenye mikono mirefu. Kabla sijamgusa, viganja vyake vilikuwa vimeshafika kifuani mwangu, uzito wangu ukarudi kwenye visigino, nikawa narudi nyuma kama toroli linalosukumwa.

Hata hivyo, tepu si hukumu. Rashawn Slater alikuwa na inchi 33 tu, na wengi walisema ahamishiwe ndani. Klabu ya Chargers ilimchukua akiwa chaguo la 13 mwaka 2021, ikamwacha pembeni kushoto, naye akateuliwa Pro Bowl, heshima ya nyota wa ligi, msimu wake wa kwanza. Mbio za yadi 40 nazo naziona zina uzito mdogo, maana mzuiaji ni nadra kukimbia umbali huo; yadi 10 za mwanzo ndizo zinazosema kitu. Orlando Brown Jr. alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.85 mwaka 2018 na kuinua chuma cha ratili 225 mara 14 pekee, akaporomoka hadi raundi ya tatu. Klabu ya Ravens iliyomchukua ilipata mzuiaji wa kiwango cha Pro Bowl.

Kiini cha kazi kiko kwenye video. Msaka vipaji mmoja alipokuja chuoni kwetu, alimwomba kocha aruke kipindi cha kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye robo ya nne, jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10, yadi nyingi zikiwa zimebaki, miguu ikiwa imechoka na kila mtu anajua kuwa pasi inakuja. Alirudisha tukio moja zaidi ya mara kumi. Mwenzetu wa pembeni kushoto alikuwa amepitwa kwa ndani, amekwisha kushindwa, lakini alishusha nyonga, akabadilisha mguu bila kuuvusha mwingine, na kumsukuma mvamizi akapita nyuma ya kwotabeki. Matukio aliyoshinda bila taabu hayakutazamwa hata moja. Kila mzuiaji atapitwa, na huko juu atapitwa na watu wenye kasi zaidi, kwa hiyo kinachotafutwa ni namna anavyojiokoa.

Ugumu unabaki kwa sababu timu nyingi za vyuo hutoa mpira haraka, wazuiaji wakianza wakiwa wamesimama, na wengi hawajawahi kumlinda kwotabeki anayerudi nyuma hatua saba. Mkataba wa kazi kati ya ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2011 nao ulipunguza mazoezi ya mavazi kamili ya kinga hadi 14 katika msimu, hivyo muda wa kumfundisha mtu akiwa kazini umepungua. Mwaka 2013 Luke Joeckel alichaguliwa wa pili, akaumia mapema, baadaye akahamishiwa ndani na hakudumu. Lane Johnson, aliyewahi kuwa kwotabeki, mwaka huo huo alikwenda klabu ya Eagles akiwa chaguo la nne na akawa nguzo ya upande wa kulia kwa zaidi ya miaka kumi. Eagles hao hao walimchukua Jordan Mailata akiwa chaguo la 233 mwaka 2018, Mwaustralia wa ragbi ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huu, wakamkabidhi kwa kocha Jeff Stoutland, na wakavumilia hadi 2020 ndipo akaanza kucheza. Februari 2025 yeye na Johnson walikuwa pembeni zote mbili timu hiyo ilipotwaa ubingwa. Sioni namna ya kumpima mzuiaji bila kumpima pia kocha atakayempokea.

Mimi na vijana wangu, wiki ya kwanza ya mazoezi huwarekodi kwa video kuanzia kiunoni kwenda chini tu, tuione miguu. Mikono tunaianza wiki ya pili.